Utabiri wa wiki: tumechoka kutumiwa picha

Haya wasomaji wangu, leo nina hasira kidogo. Aliyekuja kutafuta habari za simu mpya arudi wiki nyingine, maana leo nazungumzia hali ya hewa. Na asitokee mtu kuniambia ati hali ya hewa si mambo ya kompyuta! Mwaka 1950, wakati kompyuta za dunia nzima zikihesabika kwa vidole, ENIAC kule Marekani ilipewa kazi ya kukokotoa utabiri wa saa 24. Ilichukua karibu saa 24 kuumaliza, yaani kesho ilifika pamoja na jibu lake. Tangu siku hiyo hii ni mojawapo ya kazi zinazokula sana kompyuta kubwa za dunia.

Kwa hiyo mahesabu tunayo. Kinachotushinda ni kulitoa jibu kwenye kompyuta na kulifikisha kwa mtu anayelihitaji, na hapo ndipo sisi waandika programu tunapaswa kuona haya.

Kila wiki Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, yenye makao yake Dagoretti Corner, Nairobi, hutoa utabiri wa siku 7 kwa nchi nzima. Ni kazi nzuri, tena ya watu waliosoma wakaiva. Mna mvua ya asubuhi, ya alasiri na ya usiku, mna joto na upepo, mna tahadhari panapohitajika. Sasa ona safari yake. Inatoka Nairobi ikiwa hati ya PDF, kwa Kiingereza. Mtu mmoja anaifungua, anapiga picha ya skrini, anaitupa kwenye kundi la WhatsApp. Mwingine anaikata apate sehemu ya Pwani tu, na hapo tarehe imeshakatwa. Ikifika hapa Feri ni kipande cha picha chenye ukungu, hakina mwanzo wala mwisho, na hakuna anayejua kama ni cha wiki hii au cha wiki jana. Picha za utabiri zinafanana kama mapacha: ramani ileile, rangi zilezile, nembo ileile. Nimeona kundi moja la abiria wa Likoni wakibishana juu ya mvua ambayo, kwa hesabu zangu, ilikuwa imeshanyesha siku 9 nyuma.

Nieleze kidogo kuhusu PDF kwa wasio wa fani. Kampuni ya Adobe iliitoa mwaka 1993 ili karatasi ionekane vilevile kwenye kila mashine na kila printa. Kwa kazi hiyo haina mpinzani. Lakini ndani yake mara nyingi hamna sentensi wala jedwali, mna maagizo tu: weka herufi hii hapa, weka ile pale, chora mstari. Jedwali unaloliona wewe ni macho yako yanayolijenga. Programu ikitaka kujua "Mombasa, Jumatano, alasiri" lazima ikisie kwamba herufi zilizo karibu ni neno, na maneno yaliyo mstari mmoja ni safu. Siku mchoraji akiongeza nembo ya mfadhili juu ya ukurasa, kila kitu kinashuka na ukisiaji unavunjika. Utabiri ule umetoka kwenye kompyuta ukiwa namba safi, halafu tukaugeuza karatasi, halafu picha, halafu tunamwomba mtu mwingine arudishe namba kutoka kwenye picha. Ni kama kusaga mahindi yakawa unga kisha unatafuta mtu wa kuyarudisha punje!

Na gharama je? Maneno 500 ya maandishi matupu hayafiki kilobaiti 4. Unaweza kutuma utabiri wa wiki nzima kwa Pwani yote, na Taita juu yake, kwa uzito ambao hata mulika mwizi isiyo na intaneti ingeupokea kwa SMS.

Tuje kwenye lugha, hapa ndipo ninapopandwa hasa. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 7, inasema lugha ya taifa ni Kiswahili, na lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza. Imeanza kukitaja Kiswahili. Ng'ambo ya Lungalunga, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wake kwa Kiswahili, wa saa 24, wa msimu, na wa tahadhari. Mvuvi wa Vanga akitaka kujua kusi itakuwaje kesho anaweza kusoma utabiri wa Tanga akauelewa neno kwa neno. Upepo ni uleule, bahari ni ileile, hauulizwi pasi pale mpakani. Sasa kwa nini awe anaazima utabiri wa jirani?

Msiniambie wapo watangazaji wa redio wanaotafsiri. Wapo, na Mungu awabariki. Lakini kila mmoja anatafsiri lake. Na utabiri ni lugha ya kiufundi kama programu, ukibadilisha neno moja umebadilisha maana. Chukua maneno "sehemu chache". Kwenye hati za Idara, mvua ya sehemu chache maana yake ni mvua itakayogusa chini ya asilimia 33 ya eneo. Sehemu kadhaa ni kati ya 33 na 66. Sehemu nyingi ni zaidi ya 66. Ni kipimo cha ukubwa wa eneo. Hakisemi lolote kuhusu bahati. Sasa muulize mama anayeuza mahamri pale kwenye ngazi za kivuko, "mvua katika sehemu chache" anaelewaje. Ataelewa kwamba labda haitanyesha. Mtangazaji akisema "huenda kukawa na mvua kidogo" amemfanyia jambo la tatu kabisa, amepunguza kiasi cha maji ambacho hakikutajwa! Wote watatu, yaani mtabiri, mtangazaji na mama, wana akili timamu, na bado ujumbe umekufa njiani.

Halafu milimita. Tahadhari nyingi hutolewa mvua ikitarajiwa kuzidi milimita 20 kwa saa 24. Nani anajua milimita 20 ni nini? Milimita moja juu ya mita mraba moja ni lita moja. Bati la nyumba lenye mita mraba 40 likipokea milimita 20 limepokea lita 800, yaani mitungi 40 ya lita 20. Sasa hapo unazungumza lugha ya Mombasa! Mtu anayenunua maji kwa mkokoteni anajua mitungi 40 ni kiasi gani, anajua ni pesa ngapi, na anajua kichochoro cha Mji wa Kale hakina pa kuyapeleka maji yote hayo yakishuka kwa saa moja. Kazi ya kuzidisha 20 kwa 40 ni ya kompyuta, tena haitoki jasho.

Liko kosa jingine ambalo nadhani watu wa Nairobi hawajawahi kulifikiria, na linaweza kuua. Huku kwetu siku inaanza magharibi. Mtu wa Mji wa Kale akikwambia "usiku wa Ijumaa" anakusudia ule usiku unaotangulia mchana wa Ijumaa, ambao kwa Kiingereza ni Alhamisi usiku. Sasa hati inasema upepo mkali Ijumaa usiku. Inatafsiriwa harakaharaka. Mvuvi anayetoka na taa usiku anasoma "usiku wa Ijumaa", anabaki nyumbani Alhamisi, anaona bahari shwari, anacheka, na kesho yake anatoka. Tofauti ya saa 24 kamili, na hakuna aliyedanganya! Dawa yake ni rahisi: andika "usiku wa kuamkia Jumamosi". Kila Mswahili anaelewa, wa bara na wa pwani. Lakini lazima kuwe na mtu ameketi, ameamua, akaandika kwenye programu kwamba kipindi hiki kinaitwa hivi. Na saa pia jamani: saa 0600 za kimataifa ni saa 3 asubuhi kwetu. Wanaotengeneza programu za tarehe wananielewa nikisema huu ni ugonjwa wa zamani.

Sasa twende mlimani. Utabiri wa Idara umegawa nchi katika kanda. Pwani ni Mombasa, Kwale, Kilifi, Lamu na upande wa bahari wa Tana River. Taita Taveta haimo. Imewekwa pamoja na Machakos, Makueni, Kitui na Kajiado katika kanda iitwayo nyanda za chini za kusini mashariki. Nyanda za chini! Kilele cha Vuria kule Taita kina urefu wa mita 2,208. Hewa hupoa karibu nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo mtu wa Voi na mtu wa Wundanyi wanasoma mstari mmoja wa utabiri ilhali mmoja anavua shati na mwingine anatafuta sweta. Milima ile hukamata unyevu unaoletwa na pepo za bahari ya Hindi. Ndiyo sababu ina misitu ya ukungu wakati mbuga ya Tsavo chini yake imekauka. Ukiweka milima na mbuga kwenye kapu moja, wastani unaopata si wa mlima wala si wa mbuga.

Mtu wa Feri atauliza, Taita inanihusu nini? Fungua bomba lako (kama leo ni zamu yenu). Maji ya Mombasa hutoka Mzima, chemchemi zilizo ndani ya Tsavo Magharibi, zinazolishwa na mvua inayoingia kwenye mawe ya volkano ya vilima vya Chyulu. Hutoka Marere, kwenye vilima vya Shimba. Hutoka Baricho, kandokando ya mto Sabaki, ambao ni uleule Athi uliotelemka kutoka upande wa Nairobi. Mvua ya mlimani ndiyo ndoo yetu. Na kabla ya hapo, barabara: mvua za El Niño za 1997 ziliikata barabara ya Nairobi kwenda Mombasa, na mji mzima ukajua kwamba ni kisiwa kweli. Kwangu mimi pwani na mlima ni habari moja, na mgawanyo wa kanda uliokuwa sawa kwenye ramani ya karatasi hauna sababu ya kubaki hivyo kwenye kompyuta. Kompyuta haichoki kuwa na kanda 60 badala ya 6.

Hapa wenzangu wa programu huinua mkono: "Si kuna programu za simu? Mimi yangu inaniambia Mombasa saa kwa saa!" Haya, tuiangalie hiyo yako. Nyingi huchota kutoka kwenye mifumo michache mikubwa ya dunia. Ule wa Marekani unaoitwa GFS, ambao ni bure kwa mtu yeyote, hukokotolewa mara 4 kwa siku, na data zake ambazo watu wengi huzitumia zina vyumba vya nyuzi 0.25, yaani karibu kilomita 28 kila upande. Kisiwa cha Mombasa kizima kinaenea ndani ya chumba kimoja na nafasi inabaki ya Likoni, Changamwe na kipande kikubwa cha bahari. Kwa mfumo huo Mji wa Kale na Miritini ni sehemu moja. Na milima ya Taita, ikishasawazishwa ndani ya vyumba vya namna hiyo, inakuwa kilima kisicho na kilele. Ile picha ya wingu na "asilimia 60" unayoiona saa 9 alasiri imetoka humo, imepakwa rangi, ikawekwa tangazo la mikopo chini yake. Nimewahi kufungua moja, sitaitaja jina, ikaniwekea alama ya theluji nikiwa nimesimama Mama Ngina nakula mihogo.

Kichekesho kikubwa zaidi: Wanorwei, kupitia tovuti yao ya Yr iliyoanza mwaka 2007, wanatoa utabiri wa dunia nzima bure, kwa umbo ambalo programu yoyote inasoma, na hawakuombi barua wala muhuri. Mimi nikiwa kwenye foleni ya Feri naweza kuandika mistari 10 ya programu nikapata joto la Likoni kutoka Oslo. Kutoka Nairobi napata PDF. Na yule wa Oslo hajawahi kusimama Shelly Beach mwezi wa Julai akaona kusi inavyofanya. Wa Nairobi wana vituo vya kupimia hapa hapa, wana maofisa wao kwenye kaunti, wanajua wanachokijua. Yaani mwenye habari bora ana mlango mbaya, na mwenye habari ya mbali ana mlango mzuri, na watu wanaingia kwenye mlango mzuri. Ungetegemea nini?

Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilikubaliana kuhusu ubadilishanaji huru wa data tangu 1995, likaandika sera mpya pana zaidi mwaka 2021. Kenya ina Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Data za mvua zilizokusanywa kwa kodi ya babu zetu ni zetu. Najua ofisi moja (nayo sitaitaja) ilimtaka mwanafunzi ninayemfahamu alete barua yenye muhuri ili aone jedwali la mvua ya mwaka mmoja. Alikuwa anataka kujifunza kuchora grafu tu!

Wapo wazee wanaotucheka sote. Wanasema pwani ilisafiri hadi Maskati na Bara Hindi kwa kusi na kurudi kwa kaskazi bila PDF yoyote, wakihesabu mwaka kwa miongo, siku kumi kumi kuanzia Nairuzi, na nahodha alijua siku gani bahari hufungwa na siku gani hufunguka. Ni kweli, na ni elimu inayostahili heshima kuliko inavyopewa. Lakini mwongo hukuambia msimu. Haukuambii Jumatano. Na kuna mambo ambayo hayamo kwenye hesabu ya miongo kabisa. Mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilikuja hadi kisiwa cha Mafia, tarehe 4. Pwani yetu si mahali pa vimbunga, kwa kawaida hugeukia Madagaska na Msumbiji, ingawa Unguja waliwahi kupigwa Aprili 1872 na Lindi 1952. Tanzania walikuwa wanatoa taarifa mfululizo, kwa Kiswahili, kimbunga kiko kilomita ngapi kutoka wapi. Kenya nayo ilitahadharisha juu ya upepo na mawimbi. Sasa kumbuka makundi ya WhatsApp ya siku zile. Picha za setilaiti za vimbunga vya nchi nyingine, video za mawimbi ya miaka mingine, na katikati yake kipande cha hati ya kweli kisicho na tarehe. Watu walikuwa wanaulizana kama feri itavuka kesho, na jibu la kweli lilikuwa limezama humo humo ndani ya uongo, likiwa na sura ileile ya picha.

Miezi michache kabla yake ilikuwa hadithi ya El Niño. Oktoba 2023 wakuu wa serikali, Rais Ruto akiwemo, waliwaambia wananchi kwamba El Niño haitakuja kama ilivyotangazwa, wakati utabiri wenyewe wa msimu ulikuwa bado unazungumzia mvua zaidi ya wastani. Mvua ikaja Novemba. Walikufa watu zaidi ya 100 nchini. Sisemi faili nzuri ya maandishi ingewaokoa wote, mimi si mwendawazimu. Nasema kwamba utabiri ukifungiwa kwenye lugha na umbo ambalo wachache wanalisoma, basi yeyote mwenye kipaza sauti anaweza kuusema atakavyo, na mwananchi hana pa kwenda kuhakikisha.

Sasa, ninataka nini? Sitaki programu nyingine ya simu. Tafadhali wenzangu, kabla hujaanza kuchora ile nembo yako ya jua na wingu, acha. Nataka Idara iweke kando ya ile PDF faili moja ya maandishi, kila wiki, mahali palepale, jina lilelile, yenye tarehe ya kutolewa na ya kwisha, kanda, kipindi, kiasi cha mvua, upepo na mawimbi. Namba tayari zipo, zimechapwa kwenye ile hati. Mtu wa kompyuta wa Idara anaimaliza kazi hii kabla ya chakula cha mchana cha Ijumaa. Baada ya hapo sisi wengine tutajua la kufanya: mmoja ataitia kwenye redio, mwingine kwenye SMS, mwingine ataibandika kwenye ubao wa kuku wa kienyeji kule Wundanyi, hiari yake.

Huu hapa mfano niliobuni wa namna ninavyouona ujumbe wa mwenye mashua ndogo:

JUMATANO: Kusi kali kuanzia adhuhuri, mawimbi hadi mita 2.5 nje ya mwamba. Mashua ndogo zisivuke mlango. Mvua asubuhi. Maji kujaa saa 10 alasiri.

Herufi 145 pamoja na nafasi. SMS moja inabeba 160. Zimebaki 15 za kutia tarehe.

Mimi nimeanza na upande wa maneno. Ninatengeneza orodha ya istilahi za utabiri kwa Kiswahili cha pwani, neno na kipimo chake, ili programu yoyote iweze kuichukua. Matlai, umande, bamvua na maji mafu ninayo. Nimekwama pawili. Kwanza, ule mpigo mmoja wa ghafla wa upepo unaopita wastani kisha unatulia, watu wa Lamu mnauitaje? Na yale mawimbi marefu ya polepole yanayofika kutoka mbali siku ambayo hapa hakuna upepo wowote, yanayoinua feri pale mlangoni bila kelele? Mabaharia wa Kibokoni wamenipa majina mawili yanayopingana na wakagombana mbele yangu. Mwenye la tatu aniandikie.